Sauti Iliyotoka Dirishani kwa Mshenga

Akitaka kwenda nyumba ya pili yake, Mshenga alitokea upande mwingine wa mji. Alitoka kwake na bakora mkononi, akashika njia ya Darajani, akapita Mlandege akisalimiana na wenye maduka na kuuliza bei ya vitu asivyokusudia kununua, kisha akarudi kwa vichochoro vya nyuma mpaka akaufikia mlango ambao angeweza kuugusa kwa bakora hiyo hiyo bila ya kuondoka barazani kwake. Hapo alibisha hodi. Akiulizwa kilichomleta, alisema anamtafuta paka wake. Hakuwa na paka. Mtaa mzima ulijua kwamba hana, na katika nyumba yenye binti wa kuoza, ikisikilikana tu kuwa Mshenga kapotelewa na paka, mama mwenye nyumba alikimbilia kuteleka kahawa na kutoa vikombe vya wageni. Mwaka mmoja wanawake walimpelekea paka wa kweli, kwa mzaha. Alimpokea kwa heshima zote, akamlisha dagaa, na siku chache baadaye akabisha hodi kwa watu kuuliza kama hawajamwona.

Namwita Mshenga kwa sababu ndivyo mtaa ulivyomwita, ingawa mimi nilimwita Ami. Mama alipougua baada ya kunizaa, mke wa Mshenga ndiye aliyeninyonyesha, kwa hiyo Mshenga akawa baba yangu wa ziwa, na kwake niliweza kukaa bila ya buibui kama nilivyokaa kwetu. Nyumba zetu zilitazamana. Kichochoro kilichozitenga kilikuwa chembamba kiasi kwamba wanene wawili wakikutana, mmoja alilazimika kurudi nyuma. Mkewe alipofariki nikawa nampelekea chakula cha mchana kila siku nikitoka skuli, kwanza nikiwa mwanafunzi, kisha nikiwa mwalimu. Nikimaliza kumpakulia nilikaa kumsikiliza, maana hakuna mtu aliyejua kuwasema watu vizuri bila ya kuwataja kama yeye.

Alizungumza kama kwamba chumbani kuna mtoto kalala. Hata salamu yake ilibidi uiinamie. Kupeleka posa, alinambia, ni kubeba nyuso za watu wawili kwa mpigo, na ukimwaga moja umemwaga zote. Posa ikikataliwa, alijua namna ya kuurudisha ujumbe hata upande wa mwanamume ukajiona ndio uliojitoa. Kijana mmoja mshona kanzu alikataliwa kwa sababu tu baba wa binti hakuupenda ucheko wake. Mshenga alikwenda kwa wazee wa kijana, akawasifia subira, akalalamika jinsi watoto wa siku hizi wanavyotaka kusoma kwanza, na alipoondoka wazee wale waliamini kwamba wao ndio walioona bora kungoja. Familia zile mbili ziliendelea kusalimiana na kualikana. Yule kijana alioa kwengine na akacheka atakavyo.

Siri za namna hiyo alikuwa nazo tele. Ukimwondoa baba yangu, sijui mtu hata mmoja ambaye siri yake ilimponyoka Mshenga, na hiyo ya baba haikumponyoka mdomoni.

Simtukuzi. Alikuwa na majivuno ya kanzu, akiitaka iwe na wanga mpaka isimame yenyewe, na akimlaumu dobi kwa kosa la jua. Alikuwa mlafi wa haluwa. Watu waligundua kwamba akila kabla ya kusema, basi jibu ni zuri, na akikisogeza kisahani pembeni, basi wajikaze. Alipojua kwamba wamemgundua, akaanza kuila hata akileta majibu mabaya, na aliniapia kwamba anafanya hivyo kwa maslahi ya kazi. Na mtu huyu mwenye subira kwa binadamu hakuwa na chembe ya subira kwa vitu. Mlango ukikwama aliutukana. Msumari ukipinda aliutupa barabarani na kuulaani. Maisha yake yote mkewe ndiye aliyepigilia misumari ya nyumba ile.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kupenda kwake makelele. Mtu wa kunong'ona, lakini beni la matarumbeta likipita hakosi, na kwa jirani mwenye gramafoni alikaa karibu na sanduku lenyewe mpaka watu wakimtania kwamba iko siku sikio lake litanasa humo ndani. Tulidhani ni mapenzi tu ya muziki.

Ukweli niliujua kwenye sahani ya wali. Nilimuuliza kama anataka pilipili, akanijibu kwamba anashukuru, hajambo, na baba je. Nikaanza kumchunguza. Nikizungumza naye uso kwa uso alijibu barabara. Nikigeuka kuosha sahani, alinyamaza au alisema "naam, naam," na naam zile hazikuwa na maana yoyote. Alikuwa anaitazama midomo yangu. Watu wengine aliwazunguka kwa ujanja wake. Mtu akimnong'oneza, yeye alifumba macho kwa furaha na kusema, "Hebu liseme tena hilo, zuri mno, nalitaka lote." Na mtu kwa kusifiwa alilirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Nilimuuliza kwa uwazi, kwa kuwa nilikuwa mwanawe. Alizikunjua na kuzikunja ncha za shali yake.

"Mwanangu," akanambia, "mshenga asosikia mnong'ono ana kazi gani? Watu wanipigie makelele habari za mabinti zao? Siku mtaa huu ukijua, siku hiyo nshakufa."

Nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu, hata baba.

Hapo ndipo ulipoingia ule mtambo. Mwenye duka la redio kule Mlandege alimwonesha picha kutoka Uingereza za amplifaya, mashine ya kukuza sauti, inayokuja vipande vipande ndani ya boksi, mwenyewe ukaiunga nyumbani kwako. Nyingine zilikuwepo zilizokwisha kuungwa, lakini hizo fundi wa dukani alizipeleka mwenyewe nyumbani, akazifunga, na akauliza ni za nini. Ya kuunga mwenyewe haina wa kuuliza. Mshenga akaiagiza. Mtaani akatangaza kwamba anataka kuusaidia msikiti mdogo wa mtaa kwenye Maulidi, ili kasida zisikilikane mpaka mwisho wa kichochoro, na watu wakamwombea dua. Mimi peke yangu nilijua kwamba anataka kusikia minong'ono.

Boksi lilipofika aliniita nikamsomee karatasi za maelezo, maana yeye alisoma herufi za Kiarabu tu. Kiingereza nilikuwa nacho, cha skuli, chenye habari za bustani na majira ya baridi. Kiingereza cha karatasi zile kilikuwa kingine kabisa. Kilianza kwa kukushukuru, jambo ambalo Mshenga alilipenda, kisha kikakutumbukiza moja kwa moja kwenye waya. Tulikaa juu ya mkeka tumetandaza shuka nyeupe, na juu yake tumepanga taa za kioo zilizofungwa pamba, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, na vijipande vidogo vidogo vyenye mistari ya rangi ambavyo Mshenga aliviita peremende. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuunga kitu. Karatasi ilisema kazi hii inamfaa anayeanza, nasi tulianza.

Pasi ya kulehemu aliipasha moto kwenye jiko la makaa. Alikataa katakata kuvua kanzu, kwa hiyo mkono wa kanzu ukaungua, kisha na wa pili. Risasi ya kuungia waya, ile ya kwanza aliyoiyeyusha, ilikaa kama donge la ugali na ikabanduka tulipoigusa. Ya pili ikawa vile vile. Akaitukana pasi, akaitukana risasi, akamtukana na yule Mwingereza aliyetushukuru. Nilimsomea tena, polepole, nikiinamisha karatasi ili aione midomo yangu, kwamba waya nao lazima upashwe moto, si risasi peke yake. Akajaribu. Risasi ikatambaa kwenye waya na kung'ara, ikashika. Akanitazama kama mtoto aliyefunga kifungo chake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo nyumba iliyozoea kunuka udi ikanuka moshi wa risasi, na wageni waliomletea kazi aliwapokea barazani kwa visingizio vipya.

Siku tulipoiwasha, vile vitaa viliingia wekundu taratibu, na mtambo ukakaa kimya. Tukangoja. Mshenga akashindwa kungoja. Akaisogelea maikrofoni na kuanza kuutukana mtambo kwa ukoo wake wote, na katikati ya tusi vitaa vikashika moto sawasawa, na sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika pamoja na mvumo mkubwa, ikajaa chumba. Mimi nilicheka mpaka nikalala kwenye mkeka. Nilipoinuka yeye hakuwa akicheka. Alikuwa kaweka kiganja juu ya spika na machozi yanamtoka, maana alikuwa hajaisikia sauti yake vizuri kwa miaka.

Lakini spika na maikrofoni vikikaa chumba kimoja, vilipiga ukelele wa kutoboa ubongo. Mwenye duka akamuuzia vile vikombe viwili vya kubana masikioni, vya kusikilizia peke yako. Kwenye karatasi palikuwa na sentensi moja juu yake, kwa maandishi madogo, kwamba kila utakapotumia vya masikioni, uzifungue kwanza waya za spika, ama si hivyo vyote viwili vitasema. Maandishi yale yalinilazimu kuiinua karatasi mbele ya uso. Nilimsomea, akajibu, "Naam, naam." Waya nikazifungua mimi mwenyewe. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba yeye alidhani nazifuta vumbi.

Tukafanya majaribio. Nilikaa mwisho wa chumba nikanong'ona aya ya kwanza iliyonijia, naye kule na vikombe vyake akaimalizia. Niliona uso wake ukifunguka. Siku ya pili alinambia namna atakavyofanya. Maikrofoni ataiweka kwenye sinia ya kahawa, chini ya kitambaa cha kudarizi. Kikombe kimoja cha masikioni atakitia ndani ya kilemba, waya ushuke ndani ya kanzu, na mtambo ukae nyuma ya pazia. Mgeni atanong'ona, yeye atasikia, na hakuna atakayejua. Nilimwambia kwamba kilemba kile kitakuwa kikubwa kuliko cha kadhi. Akasema watu watadhani ni heshima ya posa.

Maulidi yakakaribia, na vijana wa kasida wakaja kufanya mazoezi kwake. Kwa ajili ya ule ukelele, spika ilipandishwa juu ghorofani, ikawekwa dirishani kuelekea kichochoroni, na waya wake mrefu ukashushwa kwa ngazi mpaka kwenye mtambo. Kasida zikasikilikana mpaka sokoni. Mtaa mzima ulifurahi. Vijana wakaondoka, spika ikabaki dirishani.

Kesho yake, baada ya alasiri, baba alivuka kichochoro.

Ni lazima nieleze desturi yetu, maana bila yake jambo hili ni dogo. Kwetu upande wa mwanamume ndio unaokwenda kuposa. Upande wa binti unakaa, unangoja, na hata ukitamani vipi unajifanya hauna haraka. Baba wa binti akimtuma mtu kwenda kutafuta mume, amemtembeza mwanawe kama mchuuzi na samaki wake kichwani. Wapo waliofanya, na Mshenga aliwajua, lakini mradi hakuna aliyejua mwengine, heshima yao ilikuwa palepale. Na mimi nilikuwa nimechelewa. Wenzangu niliosoma nao Kurani walikuwa na watoto wanaotembea. Baba aligombana na ndugu zake wote ili nisome, na alinifurahia nilipopata ualimu, kisha akakaa miaka akisikiliza mlango ambao hakuna aliyeubisha kuulizia paka.

Nilikuwa juu kwetu napiga pasi. Dirishani kwa Mshenga pakatoka kikohozi. Kikohozi kile nilikijua tangu utotoni.

"Ndugu yangu, sitozunguka," ikasema spika, kwa sauti nzito ya mvumo, ikikijaza kichochoro. "Binti yangu hana anomuulizia. Nenda kwa wale watu wa Mpendae, uwape kufahamu kama wakija hawarudi mikono mitupu. Mahari wasiyafikiri. Mimi mtoto huyu kanishinda kumuoza."

Muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe vyake aliacha kugonganisha. Wanaume wa barazani waliinua vichwa. Kisha nikaisikia sauti ya Mshenga, laini, ya furaha ya uongo, ikisema, "Hebu liseme tena hilo." Sijui kwa nini alilisema, kama ni mazoea au kama mvumo ulimpotezea neno. Na baba yangu, maskini, akalisema tena. Lote. Na alipofika pale pa mimi kumshinda kuniozesha sauti yake ilikatika, na ile spika haikuacha hata mkatiko ule. Mama mmoja aliyekuwa dirishani kwake akalifunga dirisha taratibu, kwa kutuonea huruma, na mlio wa komeo lake ulinichoma kuliko maneno yenyewe.

Wao hawakujua kitu. Walikuwa chumba cha ndani, na kuta za nyumba zile ni nene. Baba aliniambia baadaye kwamba alisikia kama mtu kafungulia redio mbali. Mpaka nikapata buibui yangu na kushuka, wao walikuwa wamekwishatoka mlangoni, baba mbele, Mshenga nyuma na kilemba chake kikubwa. Watu wa barazani walisimama wote. Kwa kawaida hawamsimamii baba.

Mshenga aliishi kwa kusoma nyuso. Alizitazama zile, kisha akainua macho dirishani, akaiona spika, na rangi ikamtoka. Mzee mmoja akamuuliza, akiinua sauti kidogo na akionesha kidole juu, nani aliyekuwa akisema mle ndani.

Angeweza kusema ukweli. Angeweza kusema kwamba yeye ni kiziwi, kwamba alifanya alivyofanya apate kusikia, na kwamba alikosea waya. Watu wangemsamehe yeye, na baba angebaki na maneno yake shingoni.

"Mimi," akasema Mshenga, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akisema na watu kwa sauti kubwa. "Nlikuwa najaribu mtambo wangu, najisemea na kujijibu. Mtoto yule ni mwanangu wa ziwa. Nimeona kachelewa, ndo nikawa nayapanga maneno ya kwenda kusema kwa watu. Babake hana habari. Ndo kwanza naye kasikia, kama nyinyi."

Mtambo ule uliifanya sauti ya kila mzee iwe ya mzee yeyote, kwa hiyo waliamini, au walitaka kuamini. Wote wakamgeukia baba. Baba alikuwa akitazama makubadhi yake. Nilimngoja aseme. Mshenga naye alimtazama, lakini yeye kwa kumwomba asiseme. Mwisho baba akainua kichwa na kusema, "Usinikanyagie tena kwangu." Akavuka, akanipita mlangoni bila ya kunitazama, akapanda juu.

Niliona haya kwa ajili ya baba, haya ambayo sikuwa nayo hata kwa maneno ya spika. Na ndani ya haya hiyo palikuwa na unafuu kwamba angalau watu hawajui, na unafuu huo ndio uliokuwa ukinichefua kila nilipoukumbuka. Baba alikaa siku kadhaa bila ya kutoka. Kisha akatoka, na kwa kuwa alikwishatangaza hasira, ikambidi kuwa na hasira. Alipokutana na Mshenga aligeuza uso mbele ya watu. Akanikataza kumpelekea chakula. Nikawa nampa mama mmoja jirani, naye akikipeleka kama chake.

Hakuna aliyempa Mshenga posa tena. Mtu aliyethubutu kumtembeza mwana wa ziwa bila ya idhini ya babake, utamwamini vipi na wako? Mtambo aliwapa vijana wa kasida, nao waliutumia miaka bila ya kuuharibu, jambo ambalo kwa hakika lingemfurahisha lau angeweza kulisikia. Yeye akahamia kwa mpwawe, Mtoni, na nyumba yake ikapangishwa kwa watu wengine.

Mwisho wa miaka ile ya khamsini, mimi nikiwa bado nasomesha na bado niko kwa baba, Ijumaa moja baba alirudi msikitini akaniambia nivae buibui. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipanda gari la Bububu tukashuka Mtoni, akanunua machungwa njiani, akamenyewa moja na hakulila.

Mshenga alikuwa kakaa nje ya nyumba ya mpwawe, kando ya barabara, karibu na banda la fundi baiskeli ambalo siku ya Ijumaa hujaa watu. Wengine walikuwa wa mjini, na wawili niliwajua kwamba ni wa mtaani kwetu. Baba alitoa salamu. Mshenga hakusikia. Baba akamgusa goti, na yeye akainua macho, akasimama kwa shida, akamkumbatia. Nikambusu mkono.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu, umenenepa," akanijibu, kwa sauti iliyomfanya fundi baiskeli acheke. Mke wa mpwawe akatueleza kwamba mzee hasikii tena hata adhana, na kwa kuwa hajisikii mwenyewe, anadhani ananong'ona huku barabara nzima inamsikia. Alilisema mbele yake, waziwazi. Siri ile ilikuwa imekwisha, na wala hapakuwa na mtu wa kumdharau kwayo.

Baba akaketi karibu yake, akaishusha sauti. Alisema amekuja kumwomba radhi, kwa siku ile, kwa kunyamaza kwake. Mshenga aliitazama midomo ile tangu neno la kwanza, na nikaona kwamba amefahamu. Akawatazama watu wa bandani. Akamvuta baba kwa bega, akauinamisha uso wake mpaka vichwa vikakaribiana, akauziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja kama alivyofanya zamani kwenye vyumba vya watu, na akanong'ona kwa sauti ya kuvuka barabara.

"Usiliseme hilo hapa, watu watasikia. Sauti ilikuwa yako, mimi nkasema yangu, basi na ibaki yangu mpaka tufe. Mtoto huyu bado hajaolewa."

Nyundo ya fundi ilinyamaza. Wale wawili wa mtaani kwetu walitazamana, kisha wakamtazama baba, kisha mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Mshenga akampapasa baba begani, ametua, kama mtu aliyewahi kuufunga mlango kabla ya mvua.

 Baba akasimama, akawageukia watu.

"Kasema kweli," akawaambia. "Ile sauti ilikuwa yangu. Alinisitiri, na mimi nikamfukuza."

Mtu mmoja akasema yaliyopita yamepita. Baba akasema hayajapita, akaendelea kuwaeleza, kuanzia siku aliyovuka kichochoro, na maneno aliyoyasema, yote. Mshenga aliyaona mabega yake yakitikisika lakini uso hakuuona. Akanishika mkono wa buibui.

"Anawaambia nini babako?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikafunua uso ili aione midomo yangu, nikamwambia. Macho yakamtoka. Akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia.

"Mnyamazishe," akanambia, na barabara nzima ikamsikia. "Mwanangu, mnyamazishe babako."

Sikumnyamazisha.